Rilifu Saba Bado Yuko Futi Elfu Tisa

Karatasi ilikuwa imelowa. Agosti ile hakuna aliyekuwa ameona tone la mvua tangu katikati ya Mei. Vumbi la uwanja wa Nyamsunzu lilikuwa linaingia mpaka kwenye kikombe cha chai, na bado kile kijikaratasi kilikuwa chapachapa, kimesimama kwenye ubao wa ndege kinachuruzika maji kama shati lililotoka kufuliwa.

Hamdani alikitazama kabla hajavua koti. Jana yake jioni alikifungia kwenye droo, na ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni mwake.

"Frida, huu utani wa namna gani?"

Frida, msaidizi wake, alikuwa anasugua kioo cha upande wa ziwa kwa gazeti. "Mwakeye na wewe, bosi," alisema bila kugeuka. "Watu wa Ujiji siku hizi hamsalimii?"

"Nimekuuliza kitu."

Akageuka, akaona. "Droo yako naifunguaje mimi? Ya kwangu mwenyewe haifungi." Alisogea, akainama, akanusa. Uso wake ukabadilika. "Bosi, hii inanuka tope."

Walikuwa kwenye mnara. Kuuita mnara ilikuwa heshima tu: kibanda cha mbao na mabati juu ya nguzo za mkaratusi, chenye ngazi kumi na nne zilizoezekwa, kilichosimamishwa kwa wiki tatu pale wakimbizi walipoanza kuvuka ziwa kwa maelfu na dunia ikakumbuka ghafla kwamba Kigoma ipo. Wakimbizi walipewa mahema. Nyamsunzu ikapewa kiwanja cha changarawe, redio moja inayokula betri ya gari, na vijana wawili wenye vyeti vizuri kuliko viti walivyokalia. Rada hakuna. Rada waliiacha kwenye picha za kitabu, chuoni.

Bila rada mwongoza ndege haoni kitu, anasikia tu. Rubani anasema niko futi elfu kumi, naye anaandika elfu kumi kwenye kijikaratasi chenye jina la ndege ile, anakipachika ubaoni, ya juu juu, ya chini chini, na kati ya ndege na ndege anaacha futi elfu moja za hewa tupu ili zisije zikakutana mawinguni. Kijikaratasi hakitoki ubaoni mpaka uandike saa ya kutua. Usipoandika, ndege hiyo bado iko angani na nafasi yake ni yake. Hiyo ndiyo dini ya kazi, na Hamdani alikuwa muumini.

Hiki kilichochuruzika kiliandikwa Rilifu Saba. Futi elfu tisa. Tarehe kumi na saba Aprili, mwaka huohuo wa tisini na saba. Penye saa ya kutua palikuwa peupe.

Rilifu Saba ilikuwa ndege ya misaada iliyokuwa ikileta watoto wagonjwa kutoka makambi ya Kibondo kuja hospitali ya mjini. Watoto sita, marubani wawili, muuguzi mmoja. Ziwa liliwachukua wote. Wavuvi wa Bangwe waliokota kiti kimoja na kandambili mbili, zote za kushoto, basi.

Muuguzi aliitwa Kaneza, na alikuwa mke wa Hamdani.

Alikuwa binti wa Warundi waliokimbia vita mwaka wa sabini na mbili, amekulia makazi ya wakimbizi ya Mishamo, ambako jembe lilimkata kidole kidogo cha mguu wa kushoto akiwa na miaka saba. Ndugu za Hamdani walinuna kwa sababu alikuwa Mkristo, ndugu zake Kaneza walinuna kwa sababu Hamdani alikuwa Mswahili wa Ujiji, wao wawili wakapanga chumba Katubuka wakawaacha wanune. Siku zisizo na zamu alimletea mumewe chakula. Kwa kuwa kibao kilikataza wasiohusika kupanda mnarani, alikaa ngazi ya tatu kutoka chini na kuita, "Hamdani, teremka, ugali unapoa." Ngazi ya nne hakuwahi kuikanyaga. Aliheshimu vibao, maskini.

Hamdani alikifuta kijikaratasi kwa leso, akakirudisha kwenye droo, akafunga.

Saa tisa na dakika arobaini alasiri redio ilikohoa. Hakukuwa na ndege yoyote iliyotarajiwa kabla ya saa kumi na moja. Kwanza ilikuja harufu, tope la ziwa pamoja na spiriti ya hospitali, kana kwamba kuna mtu amefungua chupa ndani ya kibanda. Kisha sauti.

"Nyamsunzu, Rilifu Saba." Alikuwa kapteni Selestini, na ile sauti yake ya puani. "Futi elfu tisa, juu ya ziwa. Bado nasubiri."

Mkono wa Frida ulikuwa umeshashika kalamu wenyewe, ndivyo walivyofundishwa. Uliandika "Rilifu Sa" ukasimama. Frida aliajiriwa Juni, baada ya msiba, lakini jina lile alikuwa amelisikia kwa kila mtu, kuanzia mlinzi wa geti mpaka mama wa chai.

"Bosi," alinong'ona. "Huyo si ndiye..."

"Usijibu."

"Sijibu. Hata mate simezi."

Kesho yake kijikaratasi kilikuwa ubaoni tena, kimelowa, na saa tisa na dakika arobaini sauti ikaja tena. Ikawa hivyo keshokutwa, na mtondo. Wiki ya pili, nyuma ya kapteni zilianza kusikika nyingine: watoto wakikohoa, mvua ikipiga bati kwa nguvu katika mwezi usio na mvua, na nyuma ya mvua hiyo, mbali, mwanamke akibembeleza kwa Kirundi, "Hora, mwana, hora."

Hamdani aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa redio. Alibaki hivyo mpaka ukimya uliporudi.

Tangu siku ile hakukifungia tena kijikaratasi. Alikipachika mwenyewe kila asubuhi, akakipangusa kama mtu anayepangusa uso wa mtoto, na ndege hai zikaanza kupata tabu. Inayoshuka ilisimamishwa elfu kumi mpaka ipite mbali kabisa na ziwa. Inayopaa ilizuiwa elfu nane. Marubani walilalamika, wengine kwa matusi.

"Bosi, elfu tisa kuna nini?" Frida aliuliza siku moja, kwa sauti ya chini, ingawa walikuwa wawili tu.

"Kuna ndege."

"Ndege gani?"

"Umeisikia au hujaisikia?"

"Nimeisikia."

"Kitabu kinasemaje? Kama huna rada, sauti ndiyo ndege. Imeripoti elfu tisa, iko elfu tisa. Nionyeshe ukurasa unaosema niitoe kwa sababu imekufa."

Frida hakuwa na ukurasa huo. Jumamosi alikwenda Ujiji, akamleta Mwinshehe, baba mdogo wa Hamdani, aliyesomea watu na kuwaandikia kombe kwa zafarani tangu enzi za mkoloni. Mzee alipanda ngazi akihema, chetezo mkono mmoja, kobazi mkono mwingine.

"Shikamoo baba," Hamdani alisema, akimkodolea Frida macho.

"Marahaba. Ngazi zenu zitaniua kabla ya jini. Na huyu binti usimkodolee, ana akili kukuzidi."

"Baba, moshi huo na betri, tutalipuka," Frida alisema.

"Basi tutakufa tunanukia."

Alisoma. Ubani ulijaa kibandani. Saa tisa na dakika arobaini redio ilikohoa, harufu ya tope ikaula ubani wote kwa pumzi moja, na sauti ya puani ikasema bado anasubiri, futi elfu tisa, na watoto wakakohoa, na Mwinshehe akakatika katikati ya aya, jambo ambalo hakuna mgonjwa wa Ujiji aliyewahi kulishuhudia.

Ilipopita, mzee aliketi sakafuni. "Neno la mwisho ulimwambia nini huyu?"

"Standibai," Hamdani alijibu.

"Ndiyo nini?"

Frida alijibu badala yake. "Ni kumwambia rubani subiri, nitakuita mimi. Ukishaambiwa hivyo huulizi tena, huondoki. Unazunguka palepale mpaka uitwe."

"Ukamwita?"

"Sikumwita," Hamdani alisema.

"Kwa nini?"

Hamdani akasimulia. Tarehe kumi na saba Aprili uwanjani kulikuwa na hema, viti vya kukodi na mheshimiwa kutoka juu, aliyekuja kuhutubia juu ya shida za wakimbizi. Meneja alipanda mnarani mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya hata redio ilipoungua, akaagiza ndege yoyote isitue mpaka hotuba iishe, kwa sababu kelele za injini zitaharibu kipaza sauti. Rilifu Saba ikaita. Hamdani alijua nani yumo ndani. Alitazama wingu jeusi likitoka upande wa Kongo, akatazama hema, akasema standibai. Hotuba ilichukua dakika thelathini na tano. Wakimbizi walitajwa mara nyingi sana. Hotuba ilipoisha angani hakukuwa na wa kumwita, na jioni meneja akamletea maelezo yaliyokwisha pigwa chapa, kwamba ndege ile haikuwasiliana na mnara kabisa. Hamdani akaweka saini. Alikuwa na kazi, na hapa nchini mwenye kazi anajua nje kuna nini.

Mwinshehe alisikiliza yote akichezea kobazi.

"Jini lipo, msije mkadhani halipo," alisema hatimaye. "Ziwani humo kuna viumbe visivyo na sauti. Vinaokota za waliozama, vinazivaa. Vinapata hata wimbo, hata kikohozi. Lakini hawa wa juu hawakuja kwa kupenda, wewe umewafunga kwa neno lako. Sasa mimi nimfukuze nani? Waite. Na useme hadharani walisubirishwa kwa sababu gani. Juu ya saini ile ya uongo hawatakanyaga."

"Nikisema, kazi sina."

"Ndiyo."

"Na nikiwashusha, simsikii tena."

Mzee alizima makaa ya chetezo. Aliomba maji ya kunywa.

Hamdani hakuwashusha. Septemba ikapita, Oktoba ikaja na ile mvua ambayo redio zote ziliipa jina la kigeni, Elnino, mvua iliyong'oa mikaratusi na kubeba choo kizima cha shule kukipeleka ziwani. Na siku moja ya mvua hiyo, saa tisa na dakika thelathini na sita, Rilifu Mbili iliita ikiwa futi elfu kumi juu ya ziwa. Rubani alikuwa kapteni Carmen, mwanamke wa Bujumbura mwenye Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi, mcheshi siku za jua. Alikuwa na kina mama kumi na mmoja na watoto wao.

"Nyamsunzu, naomba kushuka. Huku juu ni kubaya."

"Rilifu Mbili, baki elfu kumi. Kuna ndege chini yako."

"Ndege gani? Sijasikia mtu yeyote kwenye redio."

"Baki elfu kumi."

Frida aliweka kalamu chini. "Bosi, mshushe."

"Elfu tisa hakujawa wazi."

"Bosi."

"Akigongana nayo?"

"Na nini? Na nini, Hamdani?" Kwa mara ya kwanza alimwita jina. "Hawa wanapumua."

"Nyamsunzu, Rilifu Mbili." Sauti ya Carmen ilitetemeka na ndege. "Mvua ya mawe inanipiga kwenye mabawa. Na mafuta nina ya dakika ishirini. Hamdani mwanangu, unanifanyia nini?"

Naye Hamdani aliinua kipaza sauti, na neno lililomjia mdomoni, lililokuwa limeshafika kwenye meno, lilikuwa lilelile, standibai, na alipolihisi pale kwenye ulimi akaona hema jeupe na viti vya kukodi na wingu likitoka Kongo, akaona kwamba miezi yote hii alidhani anamlindia mkewe nafasi yake angani kumbe alikuwa anaijaza anga kwa wengine wa kumsindikiza, na saa ya ukutani ikafika dakika ya arobaini, na harufu ya tope na spiriti ikapanda kutoka sakafuni nzito kuliko siku zote, na vioo vikaanza kutoa jasho kwa ndani, na matone yakatelemka kwenye ubao wa ndege, na redio ikakohoa, na safari hii kapteni Selestini hakusema kitu, ila mvua ilipiga, watoto walikohoa, na sauti ya mwanamke ikaja karibu kabisa, karibu kama mtu aliyeketi ngazi ya tatu.

"Hamdani. Turacarindiriye. Bado tunasubiri. Watoto wanasikia baridi."

Frida aliziba masikio.

Hamdani alibonyeza kipaza sauti. Masafa yale yalisikika kwa kila ndege na kila ofisi ya misaada kutoka Kibondo mpaka mjini, naye alijua.

"Rilifu Saba, hapa Nyamsunzu, Hamdani naongea. Tarehe kumi na saba Aprili uliniita nikakusikia. Nilikusimamisha futi elfu tisa kwa sababu ya hotuba. Hakukuwa na ndege nyingine. Hakukuwa na sababu nyingine. Maelezo niliyotia saini ni ya uongo." Alitazama uwanja mtupu. "Rilifu Saba, shuka. Uwanja ni wako. Tua."

Halafu kapteni Selestini alirudia maneno, moja moja, kama sheria inavyotaka rubani arudie: anashuka, uwanja ni wake, anatua. Nyuma yake watoto walikuwa wamenyamaza.

Hawakuona ndege. Walisikia magurudumu yakikamata changarawe, na maji ya madimbwi yakapasuka kwa mistari miwili kutoka mwanzo wa uwanja mpaka mwisho, polepole, polepole, mpaka magurudumu yakasimama. Hamdani alitazama saa. Akaandika penye weupe: saa tisa na dakika arobaini na tisa. Wino haukusambaa. Karatasi ilikuwa kavu.

"Rilifu Mbili," alisema, "elfu tisa ni wazi. Shuka."

"Nashuka," Carmen alijibu. Kisha baada ya muda, taratibu, "Pole, mwanangu. Nimesikia yote."

Alitua na watu wake wote. Mama mmoja alishuka akapiga magoti kwenye tope, hata mzigo hajatua mgongoni.

Hamdani hakuwaona. Alikuwa amesimama juu ya ngazi. Chini, pale ambapo mabati yanakinga mvua na mbao ni kavu, kulikuwa na nyayo za mguu mtupu zilizolowa. Moja, mbili, tatu. Ya nne haikuwepo. Wa kushoto ulikuwa na vidole vinne.

Aliteremka, akaketi pembeni yake. Frida alimsikia akizungumza kwa sauti ya chini, mambo ya nyumbani, kodi ya chumba imepanda, jirani amejifungua mapacha. Alikaa mpaka nyayo zikakauka, na zilikauka kabla ya magharibi. Kesho yake redio haikukohoa, wala kesho iliyofuata.

Barua ya kuajiriwa ilimchukua miaka miwili kumfikia Hamdani. Ya kufukuzwa ilifika siku ya tisa. Kiti chake akapewa Frida, ambaye mpaka leo, hata ndege nne zikimwita kwa mpigo, humjibu kila mmoja na kumwambia muda, dakika mbili, dakika nne, nitakuita. Lile neno lingine halitumii.

Hamdani hana kazi, kwa hiyo ana muda. Saa tisa na dakika arobaini huingia getini na bakuli lililofunikwa, hutandika kanga ya Kaneza kwenye ngazi ya tatu, yeye hukaa ya pili. Mlinzi ameshazoea.

Agosti iliyofuata, kiangazi kikali, vumbi kwenye vikombe, Frida aliwahi kushuka kuchota maji akakuta ngazi ya tatu imelowa. Aliinama. Ulikuwa unyayo wa mguu wa kushoto, na tope bichi. Akahesabu vidole, akahesabu tena kwa kugusa mbao kando ya kila kimoja, mara ya tatu akihesabu kwa sauti.

Vitano.

Alimpelekea habari Mwinshehe jioni ile. Mzee alikataa kuja. "Walioitwa walishuka," alisema. "Aliyekaa hapo sasa ni yule aliyeona mtu anaandaliwa kanga na chakula kila siku, akaja."

Kesho yake Hamdani alifika na bakuli, akatandika kanga bila kutazama mbao. Kanga ilibadilika rangi taratibu, kuanzia katikati. Frida alikuwa amesimama ngazi ya tano, maneno yakiwa mdomoni.

"Mbona umesimama hapo?" Hamdani aliuliza, akifunua ugali. Alikuwa amenyoa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayelala usiku. "Umeona kitu?"

"Hapana, bosi," Frida alisema. "Kula, unapoa."

Alipanda kurudi mnarani. Kutoka juu alimtazama akila na kuongea na upande ule usio na mtu, na alipomaliza alitoa leso, akafuta vijiko, vyote viwili.